Shajara ya mradi: habari za winta kwa sauti, Cedar Rapids, Iowa, 2024–2025

Oktoba, mwishoni

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu mradi umeshakubaliwa na nisipoandika sasa hivi, ikifika Machi hakuna atakayekumbuka tulianzaje. Mimi ni mkalimani na mtu wa kuunganisha familia na shule, kwenye shule moja ya kati hapa Cedar Rapids, darasa la 6 hadi la 8, watoto wa miaka 11 mpaka 14. Wazazi wengi ninaowahudumia wametoka Kongo, Kivu zote mbili, Katanga wachache, wengi wamepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kigoma, wengine Nakivale Uganda, wengine Burundi, kwahiyo Kiswahili cha pale ofisini kina ladha zote na tunaelewana vizuri tu.

Shida iliyozaa mradi ni hii. Winta ikiingia shule inakuwa na habari kila siku, leo mnachelewa masaa mawili, leo tunafunga mapema, leo hakuna shule kabisa, kuna homa inazunguka, leteni koti la akiba. Habari zote hizo zinatoka kwa Kiingereza, simu iliyorekodiwa inapiga saa kumi na moja alfajiri, mama anasikia sauti haelewi, anaenda kumwamsha mtoto wa miaka 12 amwambie wanasemaje. Yani mtoto ndo anaamshwa, mtoto ndo anatafsiri, mtoto ndo anaamua wadogo zake wavae nini na basi linakuja saa ngapi. Halafu akifika darasani anasinzia tunaandika kwamba hana motisha.

Na sheria iko wazi. Shule za umma Marekani zinatakiwa kumpa mzazi taarifa kwa lugha anayoielewa, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mwongozo wa serikali wa Januari 2015 ulisema kabisa kwamba watoto wasitumike kama wakalimani. Kwahiyo hatuombi hisani kwa mtu.

Mpango wenyewe: kila habari ya winta itoke kwa sauti, Kiswahili, kwenye WhatsApp, muda uleule Kiingereza kinapotoka. Pamoja na hiyo tunaweka kabati la makoti kwa nesi, na kaunsela atakuwa na kipindi kifupi cha afya kila wiki, mambo ya usingizi, mwanga, hasira, huzuni. Kwangu mimi hivi vitu vitatu ni kitu kimoja, mtoto akipunguziwa mzigo wa habari anapata nafasi ya kuwa mtoto.

Novemba, wiki ya kwanza

Jumapili tarehe 3 saa zimerudishwa nyuma lisaa limoja. Mtu wa Bukavu au Kigoma hili jambo halimwingii haraka, kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, huku Desemba litazama kabla ya saa kumi na moja jioni na asubuhi mtoto anasimama kituo cha basi giza totoro. Nimerekodi voisi, yani ujumbe wa sauti, ya kwanza kuhusu hilo tu. Nilichosema, karibu neno kwa neno:

"Wazazi wetu hamjambo. Kuanzia leo saa zimerudi nyuma, simu inajibadilisha yenyewe, ila saa ya ukutani na ya jikoni mnabadilisha kwa mkono. Jioni giza litaingia mapema sana, msiogope, ndivyo ilivyo huku. Mtoto akitoka shule apitilize nyumbani, na koti lake liwe na rangi inayoonekana au hata kitambaa cheupe begani, dereva amwone."

Majibu yalianza kuingia kabla sijaweka simu chini. Baba mmoja kajibu "aksanti sana mwalimu, njo mara ya kwanza nasikia masomo inaongea lugha yetu." Masomo ndo shule kwa wenzetu wa Kongo. Nimeisikiliza hiyo voisi zaidi ya mara moja.

Novemba, katikati

Kabati la makoti limeanza. Makoti yalikuja mengi, makanisa mawili na duka moja la mitumba walitoa, lakini nataka niandike kilichotokea maana kina somo. Siku ya kwanza tuliyatundika kwenye korido mbele ya ofisi na bango kubwa, hakuna mtoto aliyegusa. Hata mmoja. Watoto wa miaka 13 wako tayari waganda na hudi yao kuliko waonekane wamevaa koti la msaada mbele ya wenzao. Nesi akasema tuhamishie chumbani kwake, ndani, pembeni ya kitanda, tubandue stika zote za mchango, tutundike kwa saizi kama dukani, na mtoto akija kwa kichwa kinauma au kutaka plasta anaachwa peke yake mle ndani dakika chache. Makoti yakaanza kuondoka. Binti mmoja wa darasa la 7 alijaribu manne, akachagua jeusi refu, akakunja mikono ndani kidogo maana ilimzidi, akajiangalia kwenye kioo cha kunawia, akatoka nalo anatembea kama lake siku zote. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Glavu tumejifunza zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zile za kutenganisha kila kidole. Na soksi! Soksi ndo zinahitajika kuliko yote. Mtoto anakanyaga theluji asubuhi, raba zinalowa, anakaa na miguu mibichi mpaka saa tisa. Tumeweka kapu la soksi kavu.

Desemba, wiki ya kwanza

Suala la digrii. Wazazi wetu wamezoea Selsiasi na simu zao hapa zinaonyesha Fahrenheit, mama anaona 20 anafikiri hiyo ni baridi ya Iringa asubuhi, sweta inatosha, kumbe 20 ya huku ni karibu -7 ya kwetu. Na 0 ya huku ni -18. Nimeacha kabisa kutaja namba peke yake kwenye voisi. Nasema "leo sweta na koti", "leo koti, kofia, glavu, na suruali mbili", "leo mtoto asisimame nje, akae ndani mpaka basi lionekane". Nikitaja namba naitaja na upepo wake, kwa sababu upepo ndo unaua. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaeleza kwamba 0 Fahrenheit ikikutana na upepo wa maili 15 kwa saa mwili unaisikia kama -19, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Nusu saa ni basi likichelewa tu.

Dalili za ngozi kuganda nimezieleza kwa ngozi yetu sisi. Karatasi nyingi za huku zinaandika "ngozi itakuwa nyekundu halafu nyeupe", kwa mtoto mweusi wekundu hauonekani hivyo, unaangalia sehemu ikipauka kijivujivu, ikiwa ngumu kama nta, na mtoto akisema hasikii kitu pale. Usisugue, usiweke karibu na moto, weka kwenye maji ya uvuguvugu na mpigie nesi au daktari.

Desemba, kabla ya likizo

Wiki ya matapishi. Norovirus imeenea sana msimu huu nchini kote na kwetu imefika, darasa moja la 6 lilibaki nusu. Voisi ya hii ilikuwa fupi na nilirudia jambo moja mara tatu: ile dawa ya mikono ya kupaka haiui vizuri huyu mdudu, ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Sakafu na choo pigeni jiki. Mtoto akae nyumbani mpaka yapite masaa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Hapo wazazi wengi walishangaa, walikuwa wanaogopa kumbakiza mtoto nyumbani wakidhani wataandikiwa utoro, wengine walikuwa wanampa dawa asubuhi na kumsukumia kwenye basi. Nimeongea na ofisi ya mahudhurio, sasa mzazi anatuma voisi kwangu kwa Kiswahili, "mtoto wangu anaumwa", na inatosha, naiingiza mimi.

Jambo la pili la hii wiki ni zito zaidi. Nimesikia kwenye mazungumzo ya kawaida kabisa kwamba familia moja hita yao ilikufa usiku na baba akataka kuingiza jiko la mkaa ndani. Kwetu jiko la mkaa tumekua nalo, lakini hata kwetu watu wamekufa nalo, na huku nyumba zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, hewa ya sumu haina pa kwenda. Haina harufu, haina rangi. Nimerekodi usiku uleule: msiingize mkaa, msiingize grili, msiwashe oveni mlango wazi kupasha nyumba. Kichwa kikiwauma nyumba nzima kwa wakati mmoja, kizunguzungu, kichefuchefu, mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo sio mafua, tokeni wote na pigeni 911. Na mwenye bili ya hita imemshinda aje, kuna msaada wa serikali unaitwa LIHEAP, na hapa Iowa aliyekubaliwa kwenye huo msaada hakatiwi umeme wala gesi kuanzia Novemba 1 mpaka Aprili 1. Wazazi wengi hawakujua hili kabisa. Ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila mlango wa apatimenti.

Januari, wiki ya pili

Watoto wamerudi na wamechoka kuliko walivyoondoka. Kaunsela ameanza kipindi cha usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri masaa 9 mpaka 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na 8 mpaka 10 kwa wa 13 hadi 18. Wetu wakaandika kwenye karatasi bila majina wanalala masaa mangapi. Sitaweka namba hapa, ila kaunsela alizikunja zile karatasi akakaa kimya kidogo.

Sababu sio simu peke yake, ingawa simu ipo. Wazazi wengi wanafanya shifti ya pili viwandani au kwenye maghala, wanarudi usiku wa manane, mtoto wa darasa la 7 ndo anapika, anaogesha, analaza wadogo, halafu anamsubiri mama mlango usije ukafungwa na komeo. Huyu ukimpa somo la "zima simu mapema" unamwonea tu. Kwahiyo tulichofanya ni kuongea na wazazi, mama mmoja mmoja, na watatu wamekubaliana kupeana zamu kwenye jengo lao, anayekuwa nyumbani jioni ile anaangalia watoto wa wote, na watoto wakubwa wanalala kwa wakati. Hii haikuwa kwenye mpango wetu hata kidogo na kiukweli ndo kitu kimenifurahisha kuliko vyote mpaka sasa.

Pia mwanga. Nilikuwa nasikia watu wanasema winta inaleta huzuni nikidhani ni maneno ya watu waliozoea raha, kumbe ni ugonjwa unaojulikana kidaktari, ulielezwa rasmi 1984, mwanga ukipungua saa ya mwili inavurugika, mtu analala sana bado amechoka, anataka wanga tu, anajitenga. Kwa watoto inatoka kama hasira. Sasa watoto wanatolewa nje baada ya lanchi hata dakika 15 kama upepo unaruhusu, maana hata mawingu yakiwepo mwanga wa nje unazidi taa za darasani mara nyingi sana. Nesi kaongezea la vitamini D: miezi ya winta jua la huku liko chini mno, ngozi karibu haitengenezi kitu, na ngozi nyeusi hata kiangazi inahitaji muda mrefu zaidi. Kiwango cha mtoto ni yuniti 600 kwa siku, maziwa ya huku yanaongezewa, samaki wenye mafuta wanayo, wengine daktari atawaandikia vidonge. Wazazi wakaniuliza dagaa je? Nesi kasema samaki wadogo ni chakula kizuri, waendelee kula, ila kwa vitamini D pekee wasiwategemee winta nzima.

Januari 21

Baridi kali sana. Jana ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King hakuna shule, ila upepo ulishusha mpaka chini ya -20 Fahrenheit, ukigeuza ni kama -29 ya kwetu. Voisi zilitoka usiku na alfajiri. Mama mmoja ananiuliza "kesho masomo iko?" namjibu hapohapo anaenda kulala. Mtoto wake hakuamshwa. Ndo lengo lenyewe hilo.

Tuna kijana wa darasa la 8 mwenye selimundu. Nimekaa na mama yake, nesi na mwalimu wa michezo meza moja. Baridi inabana mishipa, damu yenye seli zilizojikunja inakwama, maumivu yanaanza, mtu anaweza kuishia hospitali. Yeye hatoki nje siku za upepo, ana ruhusa ya kuwa na chupa ya maji darasani na kwenda chooni bila kuomba, habaki na nguo mbichi, na akipata homa ya kuanzia 101 Fahrenheit, yani kama 38.3, ni hospitali siku hiyohiyo hakuna kusubiri kesho. Mwalimu alikuwa anajua ni "mtoto anayekwepa mazoezi". Mama akasema kwa utaratibu, "huyu hakimbii kazi, huyu anakimbia kifo." Nilitafsiri hivyohivyo bila kupunguza. Sasa kuna karatasi moja kwa walimu wote wanaomfundisha. Kingine, watoto wanaozaliwa Marekani wanapimwa selimundu wakizaliwa, wetu waliozaliwa kambini au kijijini wengi hawajapimwa, tumewashauri wazazi waulize kliniki.

Januari 29

Goma. Sijui niandikeje. Toka Jumatatu tarehe 27 waasi wa M23 wameingia mjini na hapa shuleni watoto wametembea na simu mikononi kama wanasubiri kuitwa. Umeme ulikatika kule, intaneti ikawa ya shida, bibi hapatikani, shangazi hapatikani, na kinachopatikana ni video, na video zile sio za mtoto kuona, lakini wanaziona saa nane usiku chini ya blanketi. Binti mmoja aliomba kutoka darasa la hesabu akasimama kwenye loka yake anaongea Kiswahili kwa sauti ndogo, anamtafsiria mama yake habari za redio ya Kifaransa. Hata vita mtoto ndo anatafsiri.

Na wiki iliyopita, tarehe 20, serikali mpya ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Kuna familia hapa mtoto wao au dada yao alikuwa ameshapita mahojiano yote, amebakiza safari tu. Watoto wanajua. Wanajua kila kitu.

Mradi ulikuwa wa theluji na homa, ila hizi ndo habari za winta hii kwa watoto wetu na hatuwezi kujifanya hatuzisikii. Tumefanya haya: kaunsela amefungua chumba wakati wa lanchi, hakuna mada, kuna chai ya maziwa yenye tangawizi ambayo mama mmoja analeta kwenye chupa kubwa, mtoto anaingia anakaa. Nimewaandikia walimu ukurasa mmoja, Goma iko wapi, nini kimetokea, na kwamba mtoto akilaza kichwa mezani aachwe, aulizwe baadae pembeni. Kwa wazazi nimerekodi voisi ya upole kwamba simu za watoto zilale sebuleni, na wao wenyewe wajitahidi wasiangalie zile video mbele ya watoto, na kwamba ipo namba 988, ya msaada wa mtu aliyezidiwa moyoni, saa yoyote, unaweza kuomba mkalimani.

Mama mmoja alikuja mwenyewe ofisini. Nikamwambia pole mama, akasema "nimeshapoa mwanangu, nipe kazi." Tangu siku ile anapanga soksi kwenye kapu kila asubuhi kabla ya kwenda shifti.

Februari, wiki ya tatu

Bukavu nayo, tarehe 16. Chumba cha lanchi kimejaa.

Homa ya mafua nayo imepanda nchi nzima, ni msimu mkali kuliko kawaida. Kanuni ni ileile, mtoto arudi baada ya masaa 24 bila homa na bila kunywa dawa ya kushusha homa. Wazazi sasa wanatuma voisi wenyewe bila kukumbushwa, asubuhi nikifungua simu ziko zimepangana, "mwalimu, wa kwangu leo hapana." Ngozi zimekauka, midomo inapasuka, pua zinatoka damu usiku kwa ajili ya hita, tumenunua mafuta ya mgando makopo madogo na yameisha, tumenunua tena.

Kuna jambo la Kirundi na Kinyarwanda. Baadhi ya mama waliokuwa kimya kwenye grupu nimegundua Kiswahili wanakisikia kidogo tu. Baba mmoja mwenye Kirundi safi amekubali kurekodi, mimi namtumia ujumbe yeye anausema kwa namna yake. Sitaki atafsiri neno kwa neno, namwambia mwambie kama unamwambia dada yako.

Machi, baada ya tarehe 9

Saa zimesogezwa mbele, lisaa limepotea, wiki nzima watoto wako hoi. Shule yetu inaanza saa mbili kasoro dakika kumi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema tangu 2014 kwamba shule za kati na sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na hili nimeliingiza kwenye ripoti ya mradi, pamoja na ratiba za mabasi, waamue wenye kuamua lakini wasiseme hawakuambiwa.

Makoti yameanza kurudi, mengine hayatarudi na ni sawa, koti likimtosha mtoto ni lake. Yanayorudi yanafuliwa na kutundikwa kwa saizi kubwa zaidi maana hawa watoto wanarefuka haraka mno.

Kwa msimu ujao tunataka ujumbe wa kawaida wote, kuchelewa masaa mawili, kufunga mapema, hakuna shule, urekodiwe mapema Agosti kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa, uingizwe kwenye mfumo wenyewe wa shule ili simu ya alfajiri ipige kwa lugha ya nyumba ile, isitegemee mimi kuamka. Tunataka bajeti ya soksi na mafuta ya mgando iwe ya shule, sio ya mfuko wa nesi. Na chumba cha lanchi kisifungwe theluji ikiyeyuka, kule nyumbani bado hakujatulia. Kikao na mkuu wa shule ni wiki ya mwisho ya mwezi, mama wa soksi amekubali kuja kuongea mwenyewe, kwa Kiswahili, na mimi nitatafsiri.